Benchi la Karibu na Mlango

Mzee Kalisa alikuja Alhamisi alasiri, amevaa koti lake la kanisani, na Odette alipomwona anapanda njia ya Mururu akajua huyu hakuja kunywa chai. Mzee wa kanisa kuvaa koti siku ya kazi si jambo la heri. Odette hakusimama kumpokea. Aliendelea kutwanga sombe yake, kinu katikati ya miguu, kwa sababu Jumamosi ilikuwa arusi ya binti yake Nzigire, na majani ya mihogo hayajitwangi yenyewe.

Mzee alijitafutia kiti. Akakohoa, akasifu migomba, akauliza habari za bibi-arusi. Habari zilikuwa nzuri: asubuhi ileile Nzigire na mchumba wake walikuwa wameapa ndoa ya serikali kwenye ofisi ya sekta, mkono mmoja juu, mwingine umeshika bendera, wakasaini. Lilibaki kanisa tu. Mzee akasema Mungu asifiwe, akakohoa tena, kisha akatoa kilichomleta.

"Maman Nzigire, wazee tulikaa. Unajua Jumamosi, wakati ya kubariki mutoto, mama wa bibi-arusi anamuwekea mikono na anaomba. Sasa weye ulifungwa na kanisa. Muntu mwenye kufungwa haombe kwa sauti mu kanisa. Tulichagua Maman Véronique asimame pa nafasi yako. Ni rafiki yako, hautaona mubaya."

Odette alizidi kutwanga. Mzee ikabidi apaze sauti, na hiyo ilimpa Odette faraja kidogo.

"Na baba yake?"

"Papa Nzigire atasimama. Ye ni baba."

Mchi ukasimama hewani. "Mzee, miye nilifungwa juu ya kukaa na bwana bila ndoa. Ule bwana ni nani? Nilikaa bila ndoa peke yangu? Hii kosa inaomba batu babili!"

"Ni kweli. Lakini Papa Nzigire si mushirika wetu. Hayuko mu kitabu. Muntu hayuko mu kitabu, tutamufunga namna gani?"

Naomba mwenye akili anieleze hapo. Mwanamke aliyeingia kanisani, akabatizwa, akaimba sauti ya kwanza katika kwaya, huyo anafungwa. Mwanaume aliyekataa kuingia hafungiki. Anasimama mbele na tai shingoni, anapigwa picha. Mzee Kalisa alilisema bila aibu yoyote, kama mtu anayeeleza kwa nini maji hayapandi mlima, kisha akaaga na kuteremka na koti lake.

Huyo Mbarushimana, baba yake Nzigire, alikuwa fundi wa pikipiki pale Kamembe, mwanaume wa mdomo mtamu na meno meupe. Si mlevi, si mpigaji. Kosa lake lilikuwa moja: kwa miaka ishirini na mbili alikataa kumwandikisha Odette. Kila mwaka alikuwa na sababu. Mara karatasi ya kuonyesha hana mke mwingine haijatoka kwao Gitambi, mara mvua, mara pikipiki ya mteja. Sababu ya kweli Odette aliijua: mke aliyeandikwa ana haki juu ya shamba, na shamba la Gitambi Mbarushimana alilipenda kuliko macho yake. "Karatasi haizae mutoto," ndivyo alivyopenda kusema, na wanaume wenzake walicheka.

Na asubuhi ile ya Alhamisi, pale sekta, alipiga makofi. Meza ileile, kitabu kilekile, kalamu ileile aliyoikimbia miaka yote, naye akasimama hatua mbili kutoka hapo akimpigia makofi binti yake, machozi ya furaha yanamtoka. Odette alimtazama akatamani kumtia ile kalamu puani.

Sasa niseme juu ya Véronique, maana hasira ya Odette iligeuka haraka sana ikaelekea kwake, na mtu asiyejua atafikiri ni wazimu.

Wote wawili walikuwa watu wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Odette alivuka daraja la Ruzizi wakati wa vita vya tisini na sita, na begi moja. Véronique alikuwa amevuka zamani, ameolewa vizuri kanisani na Papa Muderhwa, mwanaume mpole mpaka kuku walimpanda begani. Véronique aliuza vitenge sokoni Kamembe, na kanisani alikuwa shemasi wa akina mama, mwenye kubeba daftari la majina. Mwaka wa tisini na saba, mimba ya Nzigire ilipoanza kuonekana, ni Véronique aliyesimama Jumapili mbele ya wote akasoma: "Mbele ya Mungu na mbele ya kanisa lake, ninataja Odette, kwa kosa la kukaa na mwanaume bila ndoa. Anafungwa. Asiimbe, asiombe kwa sauti, asikaribie meza ya Bwana, mpaka atakapotengeneza ndoa." Kisha akafunga daftari na kwenda kukaa.

Kesho yake Odette alimkuta sokoni. Alikuwa na beseni la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, wabichi, wanaogelea katika maji yao. Hakusema neno. Alimmwagia beseni zima kichwani, samaki na maji, mbele ya vitenge vyake. Soko lote lilipiga kelele. Véronique alikaa hivyo, sambaza mmoja ananing'inia kwenye hereni, akasema polepole, "Nilistahili." Odette alizidi kukasirika, kwa sababu alikuwa amejiandaa kwa vita.

Waliofungwa walikuwa na benchi lao, la mwisho, karibu na mlango, pale mvua inapoingia. Wanawake tu. Jumapili ya tatu baada ya sambaza, Véronique aliacha kiti chake cha mbele, akapita katikati ya kanisa, akaja kukaa pale, ubavuni mwa Odette. Odette akamwambia, "Toka hapa." Véronique akafungua Biblia. Wazee walimwita wakamwuliza anafanya nini kule nyuma, akawajibu kwamba ndiye aliyewapeleka wale wamama kule, basi anakwenda kuona pakoje. Walimnyang'anya daftari. Kwenye benchi hawakuweza kumtoa.

Alikaa pale miaka ishirini na mbili. Wasichana walikuja na matumbo yao na vilio vyao, naye aliwasogezea nafasi. Mwanamke wa kanisa akijifungua, wenzake humpelekea uji wa mtama na nyimbo. Aliyefungwa hapelekewi kitu. Véronique alibeba chungu cha uji kichwani mwenyewe, akapanda mpaka Butare ya huku kwetu milimani, mpaka Gitambi, na aliimba peke yake njia nzima ili watu wajue anakwenda wapi. Alikwenda kuwakalia wanaume wa wasichana hao kwenye vibanda vyao vya kazi, asubuhi mpaka jioni, mpaka wakasaini ili awaondokee. Nyumba kumi na moja zilisimama hivyo. Kwa Mbarushimana alikaa siku tisa, na Mbarushimana akamletea soda kila siku, na hakusaini.

Lakini lililomfanya ajulikane ni maombi. Waliofungwa hawaruhusiwi kuomba kwa sauti. Sawa. Véronique hakufungwa. Basi Jumapili, wakati wa maombi ya wote, kila mama alimnong'oneza sikioni anachotaka kumwambia Mungu, na Véronique alisimama akakisema kama kilivyo, neno kwa neno, kama chake mwenyewe. "Bwana, bwana yangu alilala inje wiki mbili." "Bwana, bwana yangu alinipiga na mukaba, mugongo inaniuma." "Bwana, niko na mimba na nilishazala tisa, saidia huyu mwanaume aniache nipumuzike."

Maskini Muderhwa! Wageni walimtazama upande wa wanaume wakatikisa vichwa. Mara mbili mchungaji mpya alimwita ofisini kumkanya kwa ulevi, yeye ambaye hata togwa ilimpa kizunguzungu. Muderhwa alisikiliza, akasema ndiyo mchungaji, akaenda nyumbani kumwambia mke wake, na majirani wakasikia wote wawili wanacheka mpaka kukohoa.

Odette alichukua miaka minne kumnong'oneza neno la kwanza. Baada ya hapo hakuacha. Malaria ya Nzigire, ushuru wa soko, hasira yake juu ya Mbarushimana, vyote vilitoka kinywani mwa Véronique. Wakawa marafiki, ndiyo, lakini marafiki wa kugombana kila siku. Ndiyo maana Ijumaa asubuhi Odette hakupeleka sambaza sokoni. Alikwenda mikono mitupu, moja kwa moja kwenye meza ya vitenge.

"Ulikubali?"

Véronique alikuwa anakunja kitenge. "Nilikubali."

"Bila kuniuliza!"

"Baliniambia jana asubuhi. Nilifikiri hivi, Odette: nitaomba maneno yako. Kama siku zote. Utaniambia mu sikio, nitasema vile vile, ata moja sitaangusha."

"Nani alikuambia ninataka?"

"Kama nikikataa, batachukua mwengine. Dada ya bwana yako, na atafurahi sana."

"Bamuchukue! Ule nitamuchukia bila taabu. Weye nilishakuchukia tangu tisini na saba, nikachoka, nikaacha. Unataka nianze tena? Na miaka yangu hii?"

Wanawake wa meza za jirani walikuwa wameacha kuuza. Odette hakujali, sauti ikapanda.

"Ile ya mimba, uliniombea. Ile ya malaria, uliniombea. Nilikuazima mambo yangu yote, batu bakafikiri ni yako, sawa, sikusema kitu. Lakini huyu ni Nzigire! Siku nilimuandikisha, baba yake hakukuja, njo maana ana jina ya mama yangu. Nilimulea na sambaza. Nikamubebea kuni. Leo anaondoka mu nyumba yangu, na miye mama yake nikae karibu na mulango kama muntu amepita njia? Nikunong'oneze? Kinywa ninayo, Véronique! Iko hapa! Inafanya kazi!"

"Na kama ukisimama weye, mchungaji akatae kubariki?"

"Sijui! Ni weye ulinisoma ile siku. Ni weye ulianza."

Hiyo ilimfika Véronique. Alikunjua kitenge akakikunja tena, vibaya.

"Benchi yenyewe," Odette akasema, "ukitoka pale Jumamosi kwenda mbele kuwa mama wa mutoto wangu, usirudi." Akaondoka. Njiani kote mpaka Mururu alijua kwamba Jumamosi itafika na atanyamaza, kwa sababu miaka ishirini na mbili ni mingi na shingo ilishazoea. Hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

Jumamosi kanisa lilijaa. Watu wa ukoo wa Mbarushimana walikuja kutoka Gitambi na magari mawili. Odette alivaa mushanana wake wa kijani, umefungwa begani vizuri, akakaa benchi la mlangoni na wasichana watatu wenye watoto mgongoni. Véronique alikaa hapohapo, mahali pake pa siku zote. Hawakusalimiana. Huko mbele Mbarushimana alikuwa tayari amesimama, tai nyekundu, meno yote nje.

Ibada ilikwenda vizuri mpaka mchungaji Sibomana akasema, "Sasa mama wa bibi-arusi aje abariki mtoto wake."

Véronique akainuka. Odette alitazama sakafu. Alisikia zile ndala zikipita katikati ya kanisa, taratibu, njia ileile ziliyoijia zamani, na moyo ukamwambia: haya basi, imekwisha. Nzigire akapiga magoti. Véronique akamwekea mikono kichwani.

"Omba, mama," mchungaji akasema.

Kimya. Mtoto mmoja akalia, akanyonyeshwa, akanyamaza. Kijana wa kinanda akajaribu noti moja, akaiacha.

"Maman Véronique. Omba."

"Ninangojea, mchungaji."

"Unangojea nini?"

"Maneno." Hakugeuka, mikono ilibaki juu ya kichwa cha Nzigire, lakini sauti yake ilifika mpaka mlangoni. "Miaka yote maneno ilikuwa inatoka kule nyuma, miye nilibeba tu. Leo haikutoka. Miye si mama wa huyu mutoto. Niliweka mikono sababu mama mwenyewe iko mbali. Kama munataka arusi iendelee, muache mwenyewe aseme. Kama hapana, tutakaa. Siko na haraka, nilifunga meza yangu."

Mzee Kalisa akasimama, akakaa, akasimama. Watu wa Gitambi wakaanza kuulizana. Na mchungaji Sibomana, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kuogopa kitabu tu, akaangalia wageni, akaangalia saa.

Odette alijikuta amesimama. Alimwona Mbarushimana anamtikisia kichwa kidogo, kwa tabasamu, ile ya kumwambia mtoto asimwage chai. Aa! Tabasamu ile! Kama asingetabasamu, labda Odette angekaa. Alifungua kinywa akitaka kusema baraka, na kilichotoka kwanza ni kile alichokijua kwa moyo tangu tisini na saba.

"Mbele ya Mungu na mbele ya kanisa lake, ninataja Mbarushimana, kwa kosa la kukaa na mwanamke bila ndoa!"

Kanisa zima likageuka. Mchungaji akainua mkono, Odette hakuuona.

"Bwana, banasema hayuko mu kitabu ya Mzee Kalisa. Muandike mu yako! Miaka makumi mbili na mbili ananiambia kesho. Alipiga makofi pale sekta, uliona. Miye nilinyamaza mu nyumba yako juu balisema unataka ninyamaze. Sijakusikia weye mwenyewe ukisema. Nimechoka kungoja useme." Sauti ilikatika, ikarudi kubwa zaidi. "Na huyu Nzigire ni wangu. Miye nilimuzala. Umubariki. Umupe nyumba yenye hatanong'ona ndani. Amina."

Amina ya kwanza ilitoka kwa bibi-arusi, ameinamisha kichwa. Ya pili ilitoka benchi la mlangoni. Ya tatu ilitoka upande wa wanaume, nzito, yenye adabu, na watu walipotazama ilikuwa ya Muderhwa. Mbarushimana alikuwa anatafuta kitu kwenye viatu vyake. Véronique akaondoa mikono, akarudi nyuma njia ileile, akasimama mbele ya Odette.

"Songea," akasema.

"Nilikukataza kurudi."

"Nilisikia. Songea."

Odette alikuwa bado ana hasira, na hasira hiyo ilikuwa ya haki, kwa sababu rafiki hakupaswa kukubali hata siku moja. Alisogea.

Nzigire aliolewa, wakala, wakacheza. Mbarushimana hakuzungumza na Odette siku nne, na mpaka tunaposema haya hajasaini. Mdomo tu umepungua utamu. Wazee walikaa Jumanne. Walibishana saa mbili nzima jinsi ya kumfunga mtu aliyekwisha kufungwa, mwishowe wakamwongezea mwaka. Véronique walimpata kirahisi. Jumapili iliyofuata shemasi mpya alisimama na daftari akasoma majina mawili: Véronique, kwa kosa la kuvuruga ibada, na Feza, msichana wa miaka kumi na tisa, kwa kosa linalojulikana. Wasiimbe, wasiombe kwa sauti.

Feza alikuja benchini macho yamevimba. Mtu alikuwa ameshamweleza desturi ya pale, kwa sababu maombi yalipoanza aliinama kwenye sikio la Véronique akanong'ona. Véronique alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa.

"Miye nami nilifungwa, binti yangu. Sina sauti tena."

Kwa mara ya kwanza katika miaka ile yote hapakuwa na kinywa hata kimoja pale. Feza akaanza kuutazama mlango. Mbele, Mzee Kalisa alikuwa amefumba macho, uso umetulia.

"Alisema nini?" Odette akauliza. Véronique akamweleza sikioni. Odette alipumua kwa nguvu, kwa kweli alikuwa amechoka, magoti yalikuwa yanamuuma. Kisha akasimama, mama wa miaka arobaini na minane, mama wa bibi-arusi wa juzi, akashika mgongo wa benchi la mbele.

"Bwana," akasema kwa sauti kubwa, "niko na mimba ya miezi tano. Mwenye kunipa alivuka Bukavu na hajibu simu. Ninaogopa kumuambia mama yangu."

Mzee Kalisa alifumbua macho, akageuka. Alimtazama Odette usoni, akamtazama tumboni, akamtazama usoni tena. Odette akaweka mkono juu ya tumbo lake, akaendelea kuomba.